Mtoto Aangalie Nyuma

  Wewe uliye jikoni, ipua sufuria kidogo. Nawe uliye njiani na redio yako begani, tafuta kivuli. Leo twaongea nanyi kutoka Isecheno, katika nchi ya Waisukha, pale msitu wa Kakamega unapokutana na majani chai na mashamba ya watu. Mkisikia kelele nyuma ya maneno yetu, ni tumbili tu. Wao hawajui kwamba twarekodi.

Dada mmoja ametuandikia. Aliona katika gari la jirani yake kiti kidogo cha mtoto mchanga kimefungwa nyuma, na mtoto amelazwa humo akiangalia walikotoka badala ya kuangalia waendako. Anauliza hivi: je, hayo si mambo ya wenye fedha? Mama zetu walitupakata na tukafika. Na je, Mkristo anayemfunga mtoto mikanda namna ile, amemkabidhi Mungu kweli, au ameikabidhi mikanda?

Dada mpendwa, swali lako tumelipokea kwa heshima, kwa sababu si zamani sana nasi tungalijibu kama wewe. Basi hatutakujibu kwa mahubiri. Tutakusimulia jambo lililotupata sisi wenyewe, nalo si jambo la kujisifu.

Binti mmoja wa kanisa letu alikuwa amejifungua mtoto wa kiume hospitalini, mjini Kakamega. Ni mtoto wake wa kwanza. Wazee wa kanisa wakakubaliana kwamba hatarudi nyumbani kwa boda boda. Gari likapatikana, Probox ya mmoja wetu. Kiti cha mtoto nacho kilikuwapo, maana kaka ya binti huyo ni muuguzi Uingereza, naye alikinunua kipya akakituma kwa mtu aliyekuwa akija likizo. Kilikuja pamoja na kitabu cha maelezo. Kitabu hicho hatukukisoma. Tulikuwa wanaume wanne, na kila mmoja alikuwa anajua.

Tukakiweka kiti cha nyuma ya gari, kikaangalia mbele kama sisi, maana tuliona si adabu mgeni aingie nyumbani kinyumenyume. Mkanda wa gari tukaupitisha pale ulipopita kwa urahisi. Mmoja akakitikisa, kikacheza; akasema mtoto ni mwepesi, hakitakwenda mahali. Kisha tukaomba. Twakiri mbele yenu kwamba maombi yalikuwa marefu kuliko kazi ya kufunga.

Kwa kuwa kiti kilikuwa kitupu, tuliweka ndani yake zawadi ya mama mzazi, unga wa wimbi wa kupikia uji, kilo 4 hivi. Tukaondoka Isecheno mapema. Ilikuwa Jumamosi, na karibu na Shinyalu tukakutana na watu wanaosindikiza fahali kwenda kwenye mapigano, isukuti zikilia, vijana wakirukaruka kando ya barabara. Ghafula fahali akakata mbele yetu. Dereva akakanyaga breki. Hatukuwa katika mwendo mkubwa, kilomita 30 kwa saa, pengine chini ya hapo. Gari likasimama, na fahali hakuguswa. Lakini kile kiti kilichomoka, kikapiga mgongo wa kiti cha dereva, kikaanguka kifudifudi, na unga wote ukamwagika sakafuni.

Hakuna aliyesema neno mpaka tulipofika Khayega. Kila mmoja wetu alikuwa akiuangalia ule unga.

Hospitalini tulimkuta binti yetu amekwisha kuruhusiwa, pamoja na mama yake, nyanya wa mtoto. Muuguzi mmoja alitusindikiza mpaka garini akibeba mfuko wa nguo. Alipofungua mlango akaona sakafu yote imetapakaa unga, na kiti kimelala upande. "Wazee," akasema, "ndani ya kiti hiki palikuwa na nini?" Tukamwambia. Hakucheka. Alimrudishia mama mtoto wake, akavua saa yake, akaiweka mfukoni, akatuambia tusogee karibu.

Alianza na hesabu, nasi twaileta kwenu kama alivyoisema. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, kisha likagonga mti na kusimama katika nafasi ya nusu mita, kila kilichomo humo huvutwa kwenda mbele kwa nguvu ya kama mara 20 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 4 na nusu huwa kama kilo 90. Kilo 90 ni gunia la mahindi. "Ni nani kati yenu," akauliza, "anayeweza kulidaka gunia la mahindi linalorushwa kutoka kifuani mwake, tena bila kupewa habari?" Mzee wetu mmoja, ambaye katika ujana wake alikuwa mbeba mizigo sokoni, akatikisa kichwa.

Hapo ndipo tulipofahamu kwamba mikono ya mama, ijapokuwa yenye upendo kuliko yote duniani, haiwezi. Si kwamba mama atamwachilia mtoto. Mtoto atatolewa mikononi mwake kabla hajajua kuna nini.

Sasa, kwa nini aangalie nyuma? Muuguzi alimfunua mtoto kichwa. Tazameni, akasema, kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote. Kama kichwa chako, mzee, kingekuwa robo ya urefu wako, ungekibebaje? Na mifupa ya shingo yake bado haijaungana. Sehemu kubwa ni gegedu, laini kama sikio. Akikaa ameangalia mbele na gari likasimama ghafula, kifua chake kitashikwa na mikanda lakini kichwa kitaendelea na safari, na shingo ndiyo itakayolipa. Akiangalia nyuma, mgongo na kichwa na shingo vyote vitaingia pamoja ndani ya ganda la kiti, na nguvu ile itaenea mgongoni kote. Hatavutwa. Atalazwa.

Baadaye tulisoma kwamba jambo hili lilianzia Sweden. Mwaka 1964 daktari mmoja, Bertil Aldman, alitengeneza kiti cha kwanza cha namna hiyo baada ya kuona jinsi wanaanga wa Marekani walivyolazwa chali ili migongo yao ipokee ule msukumo wa kupaa. Tangu hapo Waswidi huwaacha watoto wao waangalie nyuma mpaka kama miaka 4. Shirika la Afya Duniani nalo limeandika kwamba kiti cha mtoto kikitumiwa vizuri hupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali za magari kwa karibu asilimia 70. Basi ile aibu yetu ya mtoto kuingia nyumbani kinyumenyume iliishia pale pale hospitalini.

Kabla hatujagusa mkanda, muuguzi alikipindua kiti akatafuta kibandiko cha rangi ya machungwa, alama ya viti vilivyopimwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa, na tarehe ya kutengenezwa iliyopigwa katika plastiki. Akauliza kama kimewahi kuwa ndani ya gari lililopata ajali. Sikilizeni neno hili, ninyi mnaonunua vitu vya mitumba. Kiti kilichopata ajali kinaweza kuonekana kizima machoni na kumbe kimepasuka mahali usipopaona. Kama muuzaji hajui historia yake, au kama kibandiko kimebanduliwa, mwachie hata akikupa kwa bei ya sukuma wiki.

Dereva wetu akapendekeza kiti kiwekwe mbele, karibu na mama, apate kumwona mtoto. Muuguzi akamkataza kwa ukali. Magari mengi yanayotoka Japani yana mfuko wa hewa mbele ya abiria, nao hufumuka kufumba na kufumbua kwa nguvu nyingi. Mfuko uliowekwa kumwokoa mtu mzima utapiga mgongo wa kiti cha mtoto, pale pale kilipo kichwa chake. Mtoto akae nyuma, na mama akae kando yake.

Kisha tukaanza kufunga. Pembeni mwa kiti kile palikuwa na vishikizo vya rangi ya buluu. Hatukuwa tumeviona, au tuliviona tukadhani ni urembo. Buluu ndiyo rangi ya njia ya mkanda kwa kiti kinachoangalia nyuma. Sehemu ya mkanda wa gari ile ya kiunoni ilipita juu ya kiti, upande wa miguu ya mtoto, ikaingia katika vishikizo viwili, kushoto na kulia. Ile ya begani ikazunguka nyuma ya ganda la kiti na kushikwa na kishikizo cha tatu. Viti vingine, hasa vya kutoka Marekani, mkanda wake hupita njia nyingine kabisa. Kwa hiyo usifunge kwa kukumbuka maneno yetu. Tazama picha iliyobandikwa ubavuni mwa kiti chako, na kitabu chake ukisome. Sisi hatukusoma, na mmeona.

Tukafunga. Muuguzi akakishika kiti pale mkanda ulipopita, akakitikisa kwa mkono mmoja. Kikacheza. Tukafunga tena, kikacheza tena.

Wakati huo wote nyanya wa mtoto alikuwa amesimama kando na midomo ameifunga. Yeye alikuwa amesema mapema, wala si kwa sauti ndogo, kwamba mgongo wake umebeba watoto saba na hakuna aliyeanguka. Muuguzi akamgeukia kwa heshima. "Mama," akasema, "ukimfunga mtoto mgongoni, wajuaje kwamba mbeleko imekaza?"

Nyanya akajibu kwamba huinama, akamrusha mtoto kidogo, na akihisi ameteleza hata kidogo huifungua leso na kuanza upya. Mbeleko haikazwi mtoto akiwa ananing'inia, akasema. Kwanza wamkandamiza mgongoni, ndipo unavuta, na unavuta kutoka chini. "Wanangu, ninyi mnafunga kama watu wanaofunga kuni za kuuza."

Akatusukuma kando. Akapiga goti kwenye kiti cha gari, akaegemeza mkono wake wa kushoto na uzito wake wote juu ya kile kiti cha mtoto mpaka magodoro ya gari yakabonyea, na kwa mkono wa kulia akauvuta mkanda. Akavuta tena, ulegevu ukatoka. Akavuta mara ya tatu. Kisha akainua mkono akamwambia muuguzi, "Haya, tikisa."

Muuguzi akatikisa. Pale mkanda ulipopita kiti kilisogea chini ya inchi moja, pungufu ya upana wa kidole gumba, nacho ndicho kipimo. Upande wa kichwani hucheza zaidi kidogo, na hilo si kosa. Mkanda ulikuwa umenyooka, bila kujipinda. Wanaume wanne tukatazamana.

Jambo la mwisho lilikuwa mlalo. Mtoto mchanga alazwe nusu, katikati ya kukaa na kulala, kwa maana akisimamishwa sana kichwa huangukia kifuani na njia ya pumzi hubanwa. Kiti kile kilikuwa na mstari ubavuni ambao lazima ulale sawa na ardhi. Kwetu ulikataa kabisa, na tulikaribia kukata tamaa, mpaka dereva akakumbuka kwamba ameegesha gari kwenye mteremko. Tulilisogeza mpaka mahali tambarare, nao mstari ukakaa sawa. Ninyi wa milimani, Isecheno na kwingineko, msisahau hili.

Ndipo mtoto akaletwa. Alikuwa amefungwa blanketi tatu. Nyanya hakupenda zivuliwe, na ni kweli kwetu kuna baridi, lakini nguo nene chini ya mikanda hubonyea wakati wa ajali na kumwachia mtoto nafasi ya kuchomoka. Basi akavikwa nguo nyepesi, mikanda midogo ya kiti ikatoka usawa wa mabega yake au chini kidogo, ikakazwa mpaka vidole visiweze kuukunja mkanda begani. Blanketi akafunikwa juu, baada ya kufungwa.

Sasa turudi kwa swali la dada yetu kuhusu imani. Mnamkumbuka mama yake Musa, aliyemficha mwanawe miezi mitatu na kisha akamtia katika kisafina mtoni. Habari hiyo mtaikuta katika Kutoka, sura ya pili. Sisi tuliisoma tangu shule ya Jumapili, na kila mara tulikimbilia binti Farao. Tulikiruka kile kisafina. Maandiko yanataja alichokipaka, lami na sifa. Wengi wetu huku bara tukisoma hapo twadhani ni sifa za kuimbwa. La, hasha. Muulizeni mtu wa pwani. Sifa ni mafuta ya samaki, ya papa na wengineo, ambayo mabaharia hupaka mbao za chombo zisiingie maji. Mama huyo alikaa chini, mtoto akiwa hai kando yake na askari wako nje, akaziba kila tundu kwa mikono yake. Hatujui alichukua muda gani. Twajua tu kwamba kisafina hakikuvuja. Je, dada, aliukabidhi mtoto wake kwa Mungu au kwa mafuta ya papa? Sisi tumeshindwa kuona mahali pa kuyatenga hayo mawili.

Tulirudi mchana. Baada ya Shinyalu mvua ilitukuta, na ninyi mlio wa huku mnajua udongo wetu ukilowa. Gari liliteleza likageuka upande, gurudumu la nyuma likaingia mfereji kwa kishindo, nasi watu wazima tukagongana vichwa. Mama akapiga kelele akamwinamia mtoto. Kiti kilikuwa pale pale. Mtoto alifungua macho, akatazama juu, akalala tena. Tulilisukuma gari tukiwa na matope mpaka magotini, na nyanya alibaki ndani amekishika kiti kwa mkono, ijapokuwa hakikuhitaji kushikwa.

Tulipofika tulimtoa kitini mara moja. Muuguzi alikuwa ametuonya kwamba kiti cha gari si kitanda. Mtoto asiachwe humo alale saa nyingi nyumbani, kwa sababu ile ile ya shingo na pumzi.

Tunajua wengi mnaotusikiliza hamna gari, na hatutaki mwone tumewasahau. Tangu Februari 2004, kwa kanuni zile ambazo watu waliziita za Waziri Michuki, matatu zote zilitakiwa kuwa na mikanda. Mama, funga wako. Upite kiunoni mwako peke yako, na mtoto awe nje ya mkanda, kwa maana ukiwafunga wote wawili mwili wako ndio utakaombana. Usikae mbele na mtoto. Hiyo si salama kama kiti, hatutawadanganya, lakini ni afadhali. Na dereva akienda mbio, sema. Wanaume mliomo ndani, msimwache mama aseme peke yake. Boda boda haimfai mtoto mchanga hata kidogo, na kanisa ambalo lina magari matatu uani Jumapili lisikubali mzazi wake arudi nyumbani namna hiyo siku ya Jumatatu.

Kile kiti sasa kinakaa katika ofisi ya kanisa letu. Yule mtoto amekua. Kichwa chake kilipokaribia ukingo wa juu wa kiti kwa inchi moja, mama yake alikileta mwenyewe, kimefuliwa. Tangu hapo kimewaleta nyumbani watoto wengine wanne. Anayekihitaji humwendea nyanya, maana baraza la wazee limempa yeye kazi ya kukifunga, na hakuna gari linaloondoka kabla hajatikisa. Tarehe iliyo katika plastiki tumeiandika ukutani, pamoja na mwaka ambao kitabu kinasema kisitumiwe tena. Mwaka huo ukifika tutakata mikanda yake na kukivunja, asije mtu akakiokota.

Dada yetu, tumeandika jina la kijiji chako katika daftari. Ukijaliwa kujifungua, tuma habari mapema, maana kuna mmoja mbele yako mwezi ujao.

Bwana awe nanyi nyote. Kwaherini.